Jina la Kerosi Juu ya Bodi

Mimi Pamela si mtu wa kusifu watu. Uliza hapa Sori, kando ya ghuba ya Karungu, watakwambia mdomo wangu unajulikana kwa kazi nyingine. Nauza omena, hao dagaa wetu wa ziwani, nina boti yangu mwenyewe, nimeshagombana na madalali wa kisiwa cha Remba hadi wakanipa njia, na Cephas, mwenyekiti wetu wa wenye boti, akiniona naingia mkutanoni huanza kukunja mikono ya shati. Kwa hiyo nikisema Mokeira ni mtu wa kuvuliwa kofia, jua nimezitafuta kasoro zake kwa muda mrefu na nilizozipata ni chache.

Ya kwanza ni kwamba hali omena. Amepanga chumba nyuma ya uwanja wangu wa kuanikia, anavuta hewa ya omena kuanzia asubuhi hadi jioni, na bado ukimwekea sahani anaisukuma kando, ati wanamtazama. Ya pili ni kwamba akishika kazi hasikii. Unaweza kumsimulia habari za kijiji kizima, nawe ni kama unazungumza na ukuta. Ya tatu nitaisema baadaye, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Watu wa bichi, ufuo wetu wa wavuvi, humwita nyar Kisii, yaani binti wa Wakisii, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuja kutoka Migori mjini akiwa na mfuko wa vyombo na laptopu iliyofungwa kwa mpira, akapachika kibao cha fundi wa taa na sola. Wanaume walipita wakacheka. Baada ya msimu mmoja ndio hao hao waliokuwa wakipanga foleni mlangoni wakiwa wamebeba taa zilizokufa.

Kwa asiyejua maisha yetu, omena hufuata mwanga. Zamani tulitumia karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni taa za betri zinazoelea juu ya maji. Ndani ya kila taa kuna kibodi, yaani kibamba kidogo cha saketi cha kulinda betri, kiizuie isijae kupita kiasi wala kuisha kabisa. Vibodi vya dukani hufa haraka. Walivitengeneza watu wasioujua unyevu wa ziwa wala namna mvuvi anavyotupa taa ndani ya boti kama anayetupa gunia. Mokeira alivitengeneza na kuvirudia hadi akachoka, kisha akasema atachora bodi yake mwenyewe. Mimi nilimuuliza kama ni homa.

Ufundi aliurithi. Babake, mzee Kerosi, ametengeneza redio katika soko la Migori tangu Mokeira akitambaa chini ya meza yake, na hadi leo anatengeneza. Namna yake ya kufundisha ilikuwa moja tu. Redio ikiletwa, anailaza kifudifudi juu ya taulo, anafungua mgongo, na kuanzia hapo kila kitu kinatazamwa kwa tumbo, mahali risasi ilipolehemiwa. Usoni pa bodi hatazami. Husema usoni ni vumbi na rangi, tumboni ndiko kuna miguu, na ugonjwa wote uko miguuni. Ndivyo Mokeira alivyojua kila kifaa, kwa kuhesabu miguu yake kutoka upande wa chini. Hayo yaweke akilini, maana tutayarudia.

Mambo ya kompyuta aliyapata Homa Bay, katika karakana ya mwalimu mmoja aitwaye Byron, kijana mpole mwenye subira kubwa. Huko ndiko alikoonyeshwa programu ya kuchorea saketi. Nimekaa nyuma ya bega lake mara nyingi, kwa hiyo naweza kueleza. Kila kifaa kina alama yake kwenye mchoro. Transista ina yake, betri ina yake, na kila alama ina miguu yenye namba. Unaziunganisha alama kwa mistari, kisha programu inazifuata zile namba na kukupangia njia za shaba kwenye bodi halisi. Namba zikiwa sawa, taa inawaka. Zikikosewa, kitu kinaungua, tena bila huruma.

Wengi huchora alama kwa mausi, mstari baada ya mstari. Mokeira aligundua kwamba programu ile ina mlango wa pembeni, unaopitia maandishi. Unaiandikia maagizo nayo inatii: tengeneza alama, ipe jina hili, weka mguu wa kwanza hapa, wa pili pale, huu uite wa kuingizia moto wa umeme. Akaandika maagizo yanayoweza kutengeneza alama ya kifaa chochote ukiyapa tu maelezo yake. Akapita katika maduka ya Migori na Kisii akiangalia ni vifaa gani hasa vinavyopatikana huku kwetu, si vile vya vitabuni, na kwa kila kifaa akaiambia kompyuta izae alama. Ilikuwa raha kutazama. Anaandika neno, anabonyeza, na kwenye kioo alama zinajipanga moja baada ya nyingine kama omena wanavyomwagwa wavuni. Mimi niliyekataa kununua simu ya kugusa hadi wajukuu wakanilazimisha, nilikuwa naacha wateja nje ili nitazame.

Alama hizo zote alizipanga kwenye kompyuta kama rafu ya duka, na rafu hiyo hakuificha. Byron alipoiona aliomba awape wanafunzi wake, naye akawapa. Mafundi wengine wa Homa Bay wakaichukua. Wangwe wa Ntimaru, kule Kuria, anayetengeneza mashine za kuangulia vifaranga, akaichukua pia. Bodi ya kwanza ya taa Mokeira aliitengeneza hapa hapa kwa mkono. Alichapisha mchoro kwenye karatasi, akaigeuza juu ya bamba la shaba, akapiga pasi mpaka wino ukahamia, akaitumbukiza kwenye dawa inayokula shaba isiyofunikwa. Tuliijaribu taa hiyo ndani ya karai la maji mbele ya mlango wangu. Iliwaka. Tukaipiga, tukaizamisha, Cephas mwenyewe akaipiga teke. Iliendelea kuwaka.

Basi wenye boti tukakubaliana. Omena hufungwa mwezi wa nne, kuvua kunafunguliwa mwezi wa nane, na siku hiyo tungeingia majini na taa za Mokeira. Bodi nyingi kiasi hicho huwezi kuzipiga pasi. Ilibidi zitengenezwe kiwandani, mbali. Byron ndiye aliyekuwa anakusanya michoro ya mafundi wote na kuituma kwa pamoja, na siku yake ya kutuma ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ambaye angechelewa angengoja mzigo mwingine, na huo ungefika omena wakiwa wameshavuliwa na watu wa bichi nyingine. Mimi nilikuwa nimeshauza karabai zangu zote. Cephas alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba taa za nyar Kisii zisipofika kwa wakati, asije tena kutuomba kitu.

Kwenye bodi hiyo ya kiwandani Mokeira aliongeza kitu ambacho pasi isingeweza kukifanya: maandishi meupe. Aliyaweka kwenye kona isiyo na shaba. Hakuandika jina lake. Aliandika KEROSI. Aliniambia kwamba babake ametengeneza vitu vya watu wengine maisha yake yote, kila kimoja kikiwa na jina la kampuni ya mbali, naye alitaka mzee ashike japo mara moja kitu chenye jina lake. Alisema hivyo huku akijifanya anatafuta bisibisi. Mimi nilijifanya nimeingiwa na moshi machoni.

Mchoro ukaenda kwa Byron Alhamisi. Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikuwa nimeketi chumbani kwake nikipumzisha miguu, Wangwe akapiga simu. Mokeira akaiweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na risasi ya kulehemia.

"Fundi, transista imeniunguza kidole," Wangwe alisema. "Nimejaribu mchoro wangu kabla haujaenda, nimeunganisha kwa waya tu juu ya meza. Moshi. Hizi za kuvushwa mpakani ni feki tupu."

Kila fundi wa pande hizi angekubali hapo hapo. Kitu kikiungua, kifaa ni feki, mjadala umekwisha, na mara nyingi ni kweli. Mokeira hakusema ni feki. Alimuuliza aliipangaje miguu. Wangwe akajibu kwamba aliifuata alama, akiitazama transista kutoka juu, kama kawaida.

Mokeira akamwambia atampigia tena, akakata simu. Akachukua transista mezani, akaishika kwa juu, akahesabu miguu kwa ukucha. Akaigeuza tumbo, akahesabu tena. Nikamwona rangi inamtoka usoni.

Nilimlazimisha anieleze, naye akanieleza kwa upole kama anayeongea na mgonjwa. Alipoandika yale maagizo ya kuzaa alama, alihesabu miguu kama babake alivyomfundisha, kutoka chini. Dunia nzima inahesabu kutoka juu. Kwa hiyo kila alama aliyoizaa ilikuwa imepinduka, kulia kukawa kushoto. Yeye hakuona kwa sababu karatasi ya pasi hugeuzwa inapolazwa juu ya shaba, na huko kugeuzwa kulirudisha kila kitu mahali pake. Kosa lilijifuta lenyewe mikononi mwake. Kiwandani hakuna pasi. Kiwanda kingetengeneza bodi kama zilivyochorwa, na taa zetu zote zingetoa moshi.

Roho ilinitoka. Nikaliangalia jua, halafu nikamwangalia yeye, maana hapo ndipo inapoingia kasoro ya tatu. Mokeira ni Msabato. Ijumaa jua likigusa maji, laptopu inafungwa, na haifunguliwi hata aje gavana mwenyewe mpaka jua la Jumamosi lizame. Na Byron anatuma Jumamosi asubuhi.

"Rekebisha yako kwanza, nyathina," nilimwambia. Nilimwita mwanangu kwa sababu niliogopa.

Alisema yake ina njia ya mkato. Bodi yake ilitumia alama zake mwenyewe tupu, kwa hiyo ikipinduliwa nzima itakaa sawa, ni agizo moja tu. Kuipanga upya vizuri kungemla jioni yote. Lakini Wangwe na wale wa Homa Bay walikuwa wamechanganya alama zake na zile zilizokuja na programu. Nusu imepinduka, nusu imesimama. Hiyo haina mkato. Njia zao lazima zipangwe upya, na bodi zao ziko kwenye mzigo huo huo.

Sasa nitasema wazi. Mimi ningenyamaza. Wangwe alikuwa ameshaamini ni feki, na wale wengine wangeamini vivyo hivyo. Jina langu lingebaki safi, nami ningelala fofofo. Mokeira aliinua simu akampigia Wangwe.

"Kaka Wangwe, transista yako ni nzima," alisema. "Kosa ni langu. Nimehesabu miguu vibaya kwa alama zote. Nitumie mchoro wako sasa hivi."

Kisha akampigia Byron, na akampigia kila fundi aliyewahi kuichukua rafu yake, akirudia maneno hayo hayo, kosa ni langu, bila kuyapunguza wala kuyapaka asali. Wengine walimshukuru. Mmoja alimfokea hadi nikanyoosha mkono nimnyang'anye simu nimjibu mimi, akanikatalia kwa macho.

Halafu akafungua yale maagizo. Hapa ndipo nilipoona faida ya ule mlango wa pembeni. Angekuwa amechora kwa mausi, angelazimika kuifungua kila alama na kuuhamisha kila mguu. Lakini zote zilizaliwa na maagizo yale yale, na kuhesabu kulikuwa mahali pamoja tu. Akabadilisha mstari mmoja, akabonyeza. Rafu nzima ikajihesabu upya mbele ya macho yangu. Hakuiamini hivyo hivyo. Alitoa vifaa halisi kwenye mikebe, akavishika kwa juu kimoja kimoja na kuvilinganisha na kioo, midomo ikihesabu. Akawatumia wote alama mpya.

Baada ya hapo zikaanza kuingia kazi za watu. Mchoro wa Wangwe ulikuwa kama nyavu zilizopigwa na dhoruba. Mokeira aliukunjua, njia baada ya njia, huku Wangwe akimwelekeza kwa simu na mtandao wa Ntimaru ukikatika kila wakipata mwelekeo. Nilimletea chai ikapoa. Nilimwambia jua limeshuka juu ya vilima vya ng'ambo, akajibu ndiyo, Mama, bila kugeuka. Nilimwambia limefika juu ya boti, akasema Homa Bay kumebaki mtu mmoja. Nilishika kiuno. Nilisema maneno kuhusu karabai zangu ambayo hayafai kuandikwa.

Jua likiwa karibu kugusa maji alimtumia Byron kazi ya yule wa mwisho. Ndipo akaifungua bodi yake, akaandika agizo moja la kuipindua nzima, akatuma, akafunga laptopu. Kisha akanawa mikono na kuanza wimbo wao wa kukaribisha Sabato kwa sauti iliyochoka. Mimi Mkatoliki nilibaki nimesimama hapo, nikauitikia.

Jumapili Byron alipiga simu. Mzigo ulikuwa umeshaondoka na kila kitu kiko sawa, isipokuwa kiwanda kinauliza kwa nini maandishi ya bodi ya taa yamegeuka, herufi zinasomeka kinyume. Je, ndivyo zilivyokusudiwa? Kazi ilikuwa imeshaingia kwenye mashine.

Mokeira alikaa chini. Agizo lilipindua kila kitu, na yeye katika haraka alisahau kwamba jina nalo ni sehemu ya kila kitu. Angekumbuka kama angekuwa na dakika ya kuitazama. Dakika hizo alikuwa amewapa watu wengine.

"Nimempindua baba," aliniambia, na machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona akilia. Nilimkumbatia, na nilimpenda siku hiyo kama nilivyowapenda wanangu, pamoja na harufu ya omena kwenye kanga yangu.

Mkutanoni alikwenda mwenyewe kabla umbea haujamtangulia, akaeleza kosa lote mbele ya wenye boti. Cephas aliuliza kama basi taa zitawaka kurudi nyuma, watu wakacheka. Halafu akauliza nani aliyeligundua kosa. Mokeira akamwambia kuhusu Wangwe na transista aliyodhani ni feki. Cephas akaacha kukunja mikono ya shati.

"Ungesema ni feki, nani angejua?" aliuliza.

"Hakuna," Mokeira alijibu.

Cephas akasema boti yake ifungiwe taa kwanza.

Zilifika kabla omena hawajafunguliwa. Zikawaka, na zinawaka hadi leo, yangu ikiwemo. Vifaranga vya Wangwe vinaanguliwa. Vijana wa bichi waliona herufi zile za kinyume wakaanza kuziita taa za kioo, maana jina lilinyooka kiooni tu, na Mokeira alicheka nao, lakini mimi ninayemjua niliona kwamba kila akishika bodi anafunika ile kona kwa kidole gumba.

Babake alikuwa hajapelekewa bodi yake. Kila wiki kulikuwa na sababu. Mwishowe nilimwambia nakwenda Migori kuuza omena na tunakwenda pamoja, na akikataa nitaipeleka mwenyewe. Akachukua bodi moja tupu, isiyofungwa kitu, akaikunja ndani ya leso.

Tulimkuta mzee Kerosi mezani kwake sokoni, miwani imefungwa kwa uzi, redio imelala kifudifudi juu ya taulo. Mokeira alianza kujitetea hata kabla ya kumwamkia vizuri. Alisema ameleta kitu ila kuna kosa, alikuwa na haraka, atatengeneza nyingine nzuri zaidi. Mzee hakumjibu. Hilo la kutosikia, kumbe nalo amelirithi hapo.

Aliipokea bodi kwa mikono miwili. Na kama alivyofanya kwa kila bodi iliyowahi kupita mikononi mwake, aliigeuza tumbo bila hata kuitazama usoni. Akaiinua kuelekea mlangoni ili mwanga upite ndani yake. Bodi ile ni nyembamba, na kwenye kona isiyo na shaba mwanga ulipita, na zile herufi nyeupe za upande wa pili zikaonekana kwa nyuma, zimesimama sawasawa. Alizisoma polepole, kidole kikifuata.

"Kerosi," alisema. Akasoma tena. Kisha akamgeukia binti yake.

"Umeliweka mahali pazuri. Fundi mwingine angeliandika la kusomwa usoni, ambako hakuna mtu anatazama."

Mokeira aliniangalia, mimi nikaangalia zile redio. Mzee alikuwa bado ameinua bodi mlangoni, na hakuna kati yetu aliyemwambia aigeuze.